Milango Ilipofunguliwa, Je, Korona Ilizidi?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema penye wengi hapaharibiki neno. Walikuwa wakizungumzia shauri, si maradhi ya kifua. Tangu virusi vya korona vilipoanza kuenea duniani mwaka 2020, wingi wa watu mahali pamoja uligeuka kuwa jambo la kuogopwa, na serikali nyingi ziliufanya kuwa kosa la kushitakiwa. Watu walifukuzwa viwanjani, makanisa na misikiti ilifungwa katika nchi kadha wa kadha, harusi zilihesabiwa vichwa, na maiti walizikwa na watu kumi na tano badala ya mia tatu. Kisha, baada ya miezi, masharti yakalegezwa, na watu wakarudi kukaa pamoja kama ilivyo desturi ya binadamu.

Je, mikusanyiko hiyo, na kulegezwa huko, ndiko kulikozidisha maambukizo? Mabishano juu ya jambo hili hayakwisha hata baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 5 Mei 2023, kwamba hali ya hatari ya kimataifa imekoma. Katika vituo vya basi na kwenye mabaraza ya kahawa bado utawasikia watu wa pande mbili. Mmoja husema: “Soko lilijaa, uwanja ulijaa, daladala zilijaa, na sisi tu hai. Mikusanyiko haina neno.” Mwingine humjibu: “Jirani yangu alikwenda msibani, akarudi na kikohozi, na baada ya wiki mbili tukamzika yeye.” Kila mmoja ana shahidi wake, na kila shahidi ni wa kweli.

Swali hili, ndugu msomaji, si la kupitishia muda. Jibu lake ndilo lililoamua nani afunge genge lake na nani aendelee kuuza, mtoto wa nani akae nyumbani miezi tisa bila shule, na mama gani afe bila wanawe kumwona. Ugonjwa mwingine wa namna hii ukizuka, swali hilo hilo litaulizwa tena, na ni vema familia za mijini ziwe zinajua ni kitu gani hasa kilichobainika.

Kwaya ya watu sitini na mmoja

Tuanze na mfano uliochunguzwa kwa makini kuliko mingi. Jumanne ya tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walikutana kufanya mazoezi ndani ya ukumbi. Ugonjwa ulikwisha kuingia katika jimbo hilo, lakini katika eneo lao mikutano ilikuwa haijapigwa marufuku. Nao hawakuwa watu wazembe. Walijitahidi kutokumbatiana wala kupeana mikono, na dawa ya kusafishia mikono iliwekwa mlangoni. Waliketi karibu karibu, wakaimba kwa muda wa saa mbili na nusu, wakala vitafunio, wakapanga viti, wakaenda zao.

Mmoja wao alikuwa na dalili zinazofanana na mafua. Katika siku chache zilizofuata watu 53 wa kwaya hiyo waliugua: 33 walithibitishwa kwa vipimo, na 20 walihesabiwa kwa dalili zao. Watatu walilazwa hospitali, na wawili walifariki dunia.

Kwa hiyo mkutano mmoja wa jioni moja unaweza kuwaambukiza karibu wote waliouhudhuria. Hapo mwenye kudai kwamba mikusanyiko haina neno amekwisha kujibiwa. Lakini tusimame kidogo, maana mfano huo una jambo la pili lililochukua muda mrefu kutambuliwa. Watu wale walinawa mikono, na wakaugua. Katika miezi ya kwanza ushauri mkubwa uliotolewa duniani kote ulikuwa juu ya mikono na matone ya mate yanayoruka mtu anapokohoa. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa kila penye mlango, kuanzia benki hadi kwa muuza chipsi. Haikuwa kazi bure, kwani maji na sabuni huzuia maradhi mengi ya tumbo na mengineyo. Ila mlango mkubwa wa korona ulikuwa hewa.

Mgonjwa anapopumua, anaposema, na hasa anapoimba au kupiga kelele, hutoa vichembe vidogo mno vya unyevu vinavyoelea hewani. Mama yeyote wa pwani aliyefukiza udi anaelewa jambo hili bila darasa. Ukifukiza chumbani huku madirisha yamefungwa, moshi utajaa na kukaa, na nguo zako zitanukia hata kesho. Ukichukua chetezo kile kile ukakiweka uani, upepo utaupeleka moshi na wapita njia hawatasikia kitu. Virusi navyo ni hivyo hivyo, isipokuwa havina harufu ya kumwonya mtu.

Ndani ya nyumba na nje ya nyumba

Wataalamu wa China waliichunguza milipuko 318 iliyogusa watu watatu au zaidi kila mmoja, iliyotokea nje ya jimbo la Hubei mwezi Januari na Februari 2020. Yote, bila kubakiza hata mmoja, ilitokea ndani ya majengo au vyombo vya usafiri. Na hapa msomaji wa ukurasa huu azingatie: karibu milipuko minane katika kila kumi ilikuwa majumbani mwa watu, katikati ya baba, mama, watoto na bibi. Ni kweli kwamba ulikuwa msimu wa baridi na Wachina wengi walikuwa wamejifungia ndani, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kuchukuliwa kama ilivyo ikawekwa Temeke au Kisumu. Lakini imetuonyesha kwamba neno “mkusanyiko” si lazima liwe na maana ya maelfu uwanjani. Watu sita katika chumba kimoja chenye dirisha moja ni mkusanyiko pia.

Jambo lingine lililobainika ni kwamba wagonjwa hawakuambukiza sawasawa. Uchunguzi uliofanywa Hong Kong juu ya wagonjwa wa mwanzo ulikadiria kwamba asilimia 19 tu ya wagonjwa ndio waliosababisha asilimia 80 ya maambukizo ndani ya mji huo, na wapatao saba katika kila kumi hawakumwambukiza mtu hata mmoja. Hii ndiyo siri ya mabishano yetu ya kituo cha basi. Mtu anaweza kuhudhuria harusi tisa zisitokee na lolote, akaapa kwamba hakuna hatari. Harusi ya kumi akaingia mmoja wa wale wachache, siku yake ya kuambukiza sana, katika ukumbi uliofungwa madirisha kwa ajili ya mashine ya kupoza hewa, na meza nzima ikaugua. Watu wa harusi tisa na watu wa harusi ya kumi wote husema kweli.

Mwaka huo huo wa 2020 Marekani ilitoa mfano mwingine, ambao wengi hawakuutazamia. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei, watu waliandamana katika miji mingi ya nchi hiyo, wakati ambapo masharti ya kukaa ndani ndiyo kwanza yalikuwa yakilegezwa. Wengi walitabiri balaa. Wachumi walioitazama miji mikubwa 315 hawakuona kwamba maandamano yaliongeza kasi ya ugonjwa katika wiki zilizofuata. Maelezo yao yana mafunzo: waandamanaji walikuwa nje kwenye upepo, wengi wakiwa na barakoa, na watu wasioandamana walizidi kukaa nyumbani kwa kuogopa fujo. Kwa hiyo barabara moja ilijaa, lakini mji kwa jumla ulikuwa na watu wachache zaidi kuliko siku za kawaida.

Sasa tuyalete hayo kwenye mikusanyiko yetu wenyewe, na hakuna mkubwa kama msiba. Katika miji yetu msiba hauwi kitu kimoja. Wanaume huketi nje, chini ya turubai au mwembe, wengine wakicheza bao, wengine wakisikiliza redio, hewa ikipita. Wanawake ndio wanaokaa ndani pamoja na mfiwa, kwenye mikeka, bega kwa bega, wakilia, wakiimba nyimbo za maombolezo au wakisoma dua, kwa saa nyingi na pengine kwa siku tatu. Usiku ukifika wageni kutoka mikoani, waliosafiri kwa basi moja kutwa kucha, hulala chumba hicho hicho. Hesabu ya ukumbi wa Mount Vernon na ile ya maandamano ya Minneapolis zote mbili zimo ndani ya kiwanja kimoja, zikitenganishwa na ukuta wa matofali. Aliyepiga marufuku msiba wote kwa jumla aliwaudhi watu pasipo sababu kuhusu turubai, na aliyeruhusu msiba wote kwa jumla aliwaacha akina mama katika hatari pasipo kuwaambia. Nadhani sheria zilizotungwa maofisini na wanaume zilisahau chumba kile kwa sababu watungaji walizoea kuketi nje.

Kufungua kuna siku yake, ugonjwa una siku yake

Mikusanyiko ni sehemu moja ya swali letu. Sehemu ya pili ni kulegezwa kwa amri zenyewe. Mwaka 2020 wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh walikusanya habari za nchi 131 ili kuona kasi ya kuambukizana ilikuwaje kila amri ilipowekwa au kuondolewa. Waliona kwamba nchi ilipoondoa marufuku ya mikutano ya watu zaidi ya kumi, siku 28 baadaye kasi hiyo ilikuwa imepanda kwa kadiri ya asilimia 25. Shule zilipofunguliwa, kasi ilipanda kwa kadiri ya asilimia 24. Wenyewe walionya kwamba nchi nyingi ziliondoa amri kadhaa kwa mpigo, na kwamba nyingine zilifungua shule kwa uangalifu mkubwa na nyingine ovyo, kwa hiyo si rahisi kuipa kila amri fungu lake.

Walionyesha vilevile kwamba matokeo hayaonekani mara moja. Huchukua wiki moja hadi tatu. Hapo ndipo wananchi na viongozi walipodanganyika mara nyingi. Amri ikiondolewa Jumatatu, na Jumatatu ya pili hesabu ikiwa bado iko chini, husemwa kwamba mambo ni shwari, kumbe waliokwisha kuambukizwa bado hawajaanza kukohoa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo milango ilifunguliwa wazi na ugonjwa ukapungua. Uingereza, tarehe 19 Julai 2021, iliondoa karibu masharti yote katika sehemu ya England. Waziri wa Afya wa huko alikuwa ameonya kwamba hesabu ingeweza kufika watu 100,000 kwa siku. Badala yake, ilianza kushuka karibu na siku hiyo hiyo. Watu walishangaa, lakini jambo halikuwa muujiza. Mashindano ya mpira ya Ulaya, yaliyowajaza watu Wembley na kwenye vilabu vya pombe kila usiku wa mechi, yalikwisha tarehe 11 Julai. Shule zilikuwa zikifunga kwa likizo. Watu wazima wengi walikwisha kuchanjwa, na wengine walikwisha kuugua. Mkusanyiko wenyewe ulikuwa umetangulia, amri ya kuuruhusu ikafuata nyuma. Virusi havisomi gazeti la serikali. Vinafuata mwenendo wa watu, nao watu hulegeza wenyewe kabla ya kuruhusiwa, au hukaza wenyewe kabla ya kuamriwa.

Yaliyowapata jirani zetu

Kwa mfano ulio karibu nasi, hakuna mahali pazuri pa kujifunza kuliko Kenya, kwa sababu huko milango ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na damu za watu zikapimwa wakati huo wote.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zilifungwa mara moja. Kuanzia tarehe 27 Machi ikawekwa kafyu, watu wasionekane nje toka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ya siku hiyo ya kwanza, kwenye kivuko cha Likoni mjini Mombasa, wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia makwao ng'ambo walirundikana wakisubiri feri. Polisi waliwapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Fikiria, msomaji: amri iliyotungwa ili watu wasisongamane ndiyo iliyowasonga, na watu walikohoa na kupangusa macho na pua wakiwa wamebanana kama dagaa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukatili wa namna hiyo uliotendwa na baadhi ya polisi.

Mwezi Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, na vilevile Mombasa, Kilifi na Kwale. Zuio la Nairobi na Mombasa liliondolewa tarehe 7 Julai. Mwisho wa Septemba, hesabu za ugonjwa zilipokuwa zimeshuka, kafyu ilisogezwa hadi saa tano usiku, mabaa yakafunguliwa, na watu 200 wakaruhusiwa kukusanyika harusini na mazishini. Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa madarasa machache walirudi shuleni. Mwezi huo huo wanasiasa wa kila upande walizunguka nchi nzima wakifanya mikutano ya hadhara, kana kwamba uchaguzi ulikuwa wiki ijayo.

Tarehe 4 Novemba Rais Kenyatta alilihutubia taifa. Alisema mwezi Oktoba ulikuwa mbaya kuliko yote iliyopita, kwamba waliogunduliwa kuwa na virusi walitoka asilimia 4 ya waliopimwa hadi wastani wa asilimia 16, na kwamba watu wapatao 300 walifariki katika mwezi huo mmoja. Akapiga marufuku mikutano ya siasa kwa siku 60 na kurudisha kafyu nyuma saa moja.

Mtu akiishia hapo, kesi imekwisha: milango ilifunguliwa, watu wakakusanyika, ugonjwa ukapanda. Nami naamini hukumu hiyo ni sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini swali la nani aliyeugua ndilo linaloigeuza hadithi nzima.

Damu ilisema zaidi ya vipimo

Wachunguzi wa Kenya walipima damu zilizotolewa na wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakati kafyu na mazuio yalikuwa yamekaza. Walikuta dalili za maambukizo yaliyopita katika asilimia 4.3 ya wachangiaji kwa taifa zima, na katika miji zaidi: Mombasa asilimia 8.0, Nairobi asilimia 7.3. Maana yake ni kwamba watu wengi sana walikwisha kuambukizwa bila kupimwa wala kutangazwa, na hiyo ilikuwa kabla ya kulegezwa kwa lolote kubwa. Novemba mwaka huo, uchunguzi wa kaya za Nairobi ulikuta asilimia 34.7. Na kufikia miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2021, karibu nusu ya wachangiaji damu, asilimia 48.5, walikuwa wamekwisha kuguswa na virusi.

Basi ugonjwa ulipitaje wakati milango imefungwa? Wachunguzi wa Kilifi wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walitoa maelezo katika jarida la Science mwaka 2021. Kwa makadirio yao, wimbi la kwanza, lililofika kilele katikati ya mwaka 2020, liliwapitia zaidi watu wa mijini wenye kipato cha chini, wale ambao hawakuweza kupunguza kukutana na wenzao hata serikali ingeamuru mara kumi. Wimbi la pili, lile la Oktoba na Novemba, liliwapata zaidi wenye uwezo, waliokuwa wamekaa nyumbani tangu Machi na sasa wakatoka kwa kuwa masharti yamelegea. Mawimbi yaliyofuata mwaka 2021 yaliletwa na aina mpya za virusi. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, si sensa, lakini inapatana na kila kitu ambacho mkazi wa mjini anakijua kwa macho yake.

Mwenye nyumba ya vyumba vinne, mshahara unaoingia benki na kazi inayofanyika kwa simu, kwake amri ya kukaa ndani ilikuwa ukuta wa kweli. Ulimlinda. Ulipobomolewa, alipigwa. Lakini mwenye kupanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, choo kimoja na bomba moja kwa wote, anayeamka alfajiri kuuza vitumbua ili watoto wale mchana, ukuta huo haukuwahi kuwepo. Wapangaji wenzake walikuwa mkusanyiko wake wa kila siku. Huwezi kumlegezea mtu kamba ambayo hukumfunga nayo. Kafyu ilimchelewesha sokoni, ikambana katika matatu ya jioni pamoja na kila aliyekuwa akikimbizana na saa, ikampunguzia chakula, na virusi vikamfikia katika wimbi la kwanza kabisa. Kisha, lilipokuja wimbi la pili, ni la wale walioweza kungoja ndilo lililoitwa janga na kuandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu wao ndio waliokuwa na pesa ya kwenda kupimwa.

Hivyo kulegeza masharti kulizidisha ugonjwa, ndiyo, lakini si kwa watu wote kwa kipimo kimoja. Kulimzidishia aliyekuwa amehifadhiwa. Kwa ambaye hakuhifadhiwa, kulimrudishia kazi.

Sijaizungumzia Tanzania, na msomaji ataniuliza kwa nini. Huku kwetu shule zilifungwa na mikutano ya hadhara ikazuiwa mwezi Machi 2020, lakini masoko na nyumba za ibada ziliendelea, na hatukufungiwa ndani. Mwaka huo huo, hesabu ya taifa ilipofika wagonjwa 509 na vifo 21, utangazaji wa takwimu ulisita kwa zaidi ya mwaka mmoja. Pasipo hesabu hakuna kupima. Anayesema kwamba kwetu mikusanyiko haikudhuru, na anayesema ilidhuru mno, wote wawili wanazungumza juu ya waliowazika na wasiowazika mtaani kwao. Hatukupima damu za wachangiaji mwezi kwa mwezi kama jirani zetu, na ndiyo maana mwandishi wa Dar es Salaam analazimika kwenda Mombasa na Nairobi kutafuta jibu.

Kirinyaga, Oktoba 2021

Kenya ilikaa na kafyu karibu miezi kumi na tisa. Machi 2021, wimbi la tatu lilipopanda, Nairobi na kaunti nne za jirani zilifungwa tena hadi mwanzo wa Mei. Mwishowe, tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Kenyatta aliitangaza habari ya kuiondoa kafyu. Aliitangaza katika sherehe za Sikukuu ya Mashujaa huko Kirinyaga, mbele ya uwanja uliofurika watu, nao walipiga vifijo. Kwa vigezo vya mwaka 2020, mkusanyiko huo peke yake ungetosha kuleta hofu.

Wiki zilizofuata maambukizo hayakupanda. Yalizidi kushuka, ingawa waliokwisha kukamilisha chanjo walikuwa chini ya mtu mzima mmoja katika kila kumi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umetangulia kupita katika vyumba vya kupanga, na baadaye katika nyumba za vyumba vinne, hata wachache ndio waliobaki bila kuguswa. Halafu katikati ya Desemba kikaja kirusi cha aina ya Omikroni, kilichotambuliwa kwanza kusini mwa Afrika mwezi uliotangulia, na katika siku chache zaidi ya robo ya waliopimwa wakaonekana kuwa nacho. Hakuna aliyekuwa amefungua mlango wowote mpya wiki hiyo.

Serikali ya Kenya haikurudisha kafyu. Mwezi Machi 2022 iliondoa hata sharti la kuvaa barakoa nje. Wanaokutana ndani ya majengo ndio peke yao iliowashauri waendelee kuzivaa.